Breki ya Upande wa Abiria

Kama mlinzi wa hoteli ile angekuwa na adabu kidogo tu siku hiyo, mguu wa Mwalimu ungekuwa mzima mpaka leo. Lakini mlinzi alikuwa na sare mpya na jua lilikuwa kali, na mtu wa namna hiyo hukosi kumkuta anatafuta pa kutolea hasira zake. Alilitazama gari, akakitazama kibao cha mafunzo kilichofungwa juu ya paa kwa kamba ya katani, akaashiria kioo kishushwe. Kioo cha dereva kilikuwa na mwaka wa tatu hakishuki, kwa hiyo Mwalimu akafungua mlango.

"Magari ya kujifunzia hayapiti hapa," mlinzi alisema. "Zunguka nyuma, geti la taka."

Mwalimu hakuwa mtu wa ugomvi. Alisema asante, akatia gia ya kurudi nyuma, gia ikakataa. Akajaribu tena, ikasaga mpaka watu wakageuka. Nyuma yao gari jeupe la mgeni fulani lilianza kupiga honi, na mlinzi akawa anapigapiga bodi kwa kiganja kama anayeswaga ng'ombe. Mke wa Mwalimu alikuwa kiti cha nyuma, amebanwa na marobota ya mapazia aliyoyashona kwa majuma sita. Alishuka, akajitwika robota moja kichwani na jingine akalipakata, akapita geti la wageni kwa miguu, akarudi, akapita tena. Alikwenda safari nne. Safari ya mwisho kilemba kilikuwa kimemshukia machoni, na mhasibu wa hoteli, aliyekuwa akimwangalia dirishani muda wote huo, alimuuliza kama yeye ndiye mwenye kazi au ametumwa na mwenye kazi.

Jioni ile alikaa kwenye cherehani yake kama kawaida, katika chumba cha mbele ambacho wateja wake walikijua kuliko sebule zao. Mji mzima ulimwita Mama Pazia. Malipo ya hoteli yalikuwa yameshaingia, makubwa kuliko yote aliyowahi kuyapata, na hakuwa amecheka hata kidogo.

"Lile gari silikanyagi tena," alimwambia mumewe bila kuinua macho. "Tulipeleke dukani walichukue, mimi naongeza juu, tutoke na jipya. Lenye nailoni ya kiwandani bado kwenye viti vyote."

Mwalimu alisema gari halina ubaya, lina shida ya giaboksi tu. Mkewe akajibu kwamba hata yeye hana ubaya, ana shida ya gari tu.

Mwalimu mwenyewe hakuwahi kushika chaki maishani mwake. Alifundisha udereva, mwaka wa ishirini na sita sasa, katika gari lile lile moja lililompeleka mkewe kujifungua na kumrudisha na binti. Upande wa abiria, chini ya mguu wake wa kulia, palikuwa na breki ya pili. Rafiki yake mchomeleaji ndiye aliyeitengeneza: pedeli moja, ufito mmoja wa chuma, na tundu mbili kwenye sakafu. Watu waoga walimfuata yeye kwa sababu walimu wengine walipiga kelele na yeye hakupiga. Alikaa akizungumzia mvua, kama itanyesha au haitanyesha, na mwanafunzi alipokosea, mguu ulibonyeza polepole na gari likatulia. Mwanafunzi hakujua. "Umeona ulivyosimama vizuri?" Mwalimu angemwambia, na mtu huyo angerudi kwake kifua mbele. Kwa ujanja huo aliwatoa mamia ya madereva, na katika miaka yote hiyo mdomo wake haukupata haja ya kusema neno simama.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakumfundisha. Mkewe alipoomba mara ya kwanza, wateja walikuwa wengi. Mara ya pili gari lilikuwa gereji. Mara ya tatu alimwambia ana haraka gani ya kuendesha na yeye bado yupo hai. Kisha binti yao akatimiza miaka kumi na minane, akafundishwa kwa wiki mbili na leseni akaipata. Siku hiyo Mama Pazia alishona mpaka macho yakawa mekundu na hakumpongeza mtu. Hakuomba tena.

Sasa pesa zilikuwa zake, na hapo ndipo wote wawili walipokosea, na walikosea kwa kunyamaza. Mwalimu aliona gari jipya maana yake wanafunzi zaidi: mchomeleaji angekuja na drili yake, na kazi ingeendelea kama zamani. Hakulisema. Mama Pazia alikwisha kuapa moyoni kwamba hakuna mwanafunzi atakayeweka kiatu kwenye gari lake, na kwamba mtu wa kwanza kuliendesha peke yake atakuwa yeye. Naye hakulisema. Mwalimu aliomba jambo moja tu, gari liwe la gia za mkono, akasingizia kwamba yale yanayojibadilishia gia yanakunywa mafuta. Ukweli ni kwamba mtihani wa leseni ulitaka gia za mkono. Mkewe alijua anasingizia, akakubali kirahisi mno, na Mwalimu akalala usingizi mzuri.

Duka la magari lilikuwa na sakafu inayong'aa kiasi kwamba Mwalimu alidhani inabidi kuvua viatu. Alikwisha kuvua kimoja pale mkewe alipomkata jicho. Muuzaji, kijana aliyevaa viatu vya ncha, aliwaketisha kwenye kochi, akawapa maji ya chupa, halafu akawasahau kwa saa nzima. Walikaa wakitazama watu waliokuja baada yao wakihudumiwa kabla yao. Mwalimu alikunywa maji yake yote, kisha akanywa ya mkewe, kwa kukosa la kufanya.

Mkaguzi alipokuja, alilizunguka gari lao kuukuu mara moja. Hakuligusa kwa mkono, aligusa kwa ncha ya kalamu. Aligusa kutu ya mlango akaandika, akagusa kioo kisichoshuka akaandika, akawasha injini, akasikiliza giaboksi, akaandika mistari miwili. Kisha akainama upande wa abiria, akacheka, akamwita mwenzake aje aone.

"Hiki nini, mzee?"

"Hiyo ni breki ya mwalimu."

"Umetoboa sakafu ya gari?"

Mwalimu alichuchumaa kando yake na kuanza kueleza jinsi ufito unavyoshika pedeli ya dereva, jinsi mguu unavyotakiwa kubonyeza bila kushtua, na kwamba miaka ishirini na sita hapajatokea ajali hata moja. Alieleza kwa raha kabisa, akidhani anaisifia bidhaa yake. Mkaguzi alimsubiri amalize, akaandika kwamba gari limechezewa. Bei ambayo duka lilitoa kwa gari lao hatimaye ilikuwa ndogo kuliko ile ambayo hoteli ilikuwa imelipa kwa mapazia ya ukumbi wa kulia chakula peke yake. Mama Pazia alilinganisha pale pale kichwani, na Mwalimu alimwona akilinganisha.

"Tunalipokea kwa heshima yako tu, mama," muuzaji alisema, akimpa Mwalimu kisogo. "Kwa hali hii hili ni chuma chakavu. Na hicho kidude kitolewe kabisa. Akikitoa fundi wetu, tutawakata tena."

Kwa hiyo Mwalimu alikitoa mwenyewe. Aliomba spana, akatandika gazeti, akalala chali uwanjani pale, kichwa chini ya dashibodi na miguu nje, katika shati jeupe alilolivaa siku ya mahafali ya binti yake. Nati zilikuwa zimeshikana na kutu. Alizihangaikia kwa dakika arobaini, wateja wakiruka miguu yake, na mama mmoja akamtahadharisha mwenziwe asimkanyage fundi. Muda wote huo Mama Pazia alikuwa ndani ya gari jipya, milango imefungwa, kiyoyozi kikimpuliza usoni, muuzaji akimwonyesha vitufe kimoja kimoja. Aliiona miguu ya mumewe kwenye kioo cha pembeni. Aliitazama mara moja, akauliza kitufe cha redio ni kipi.

Mwalimu alipotoka na pedeli mkononi, mgongo wa shati ukiwa mweusi kwa mafuta, muuzaji alimwomba kwa heshima zote asikae kwenye kiti kabla ya kutafutiwa cha kutandika. Mama Pazia ndiye aliyemtandikia lile gazeti. Alilinyoosha pembe zote nne kama anavyonyoosha kitambaa, kisha akakumbuka kwamba dereva ni mumewe, akalihamishia upande wa usukani. Kadi ya gari iliandikwa jina la Mama Pazia. Walipogeuka kutazama nyuma, gari lao lilikuwa limeshasukumwa mahali, halionekani.

Siku ya tatu, wakinywa chai, Mwalimu alitaja kwamba mchomeleaji atakuja Jumamosi. Alilitaja kwa sauti ya mtu anayesema fundi bomba atakuja. Mama Pazia aliweka kikombe chini.

"Aje kufanya nini?"

"Tundu mbili tu. Hata hazionekani, kapeti inafunika."

"Gari langu halitobolewi. Dhamana yao inakufa, wamesema. Na hata ingekuwa haifi, sitaki watoto wa watu na viatu vyao vya matope mle ndani."

"Nina wanafunzi tisa wameshanilipa, wewe mwanamke. Niwafundishie nini, kiti hiki?"

Mama Pazia alikitazama kiti, akasema kinaweza kufaa kwa kuanzia. Halafu akamwambia lile alilokuwa amelitunza. Alimkumbusha kwamba kwa miaka yote alimnyima kwa sababu ana kazi nyingi. Sasa kazi hana. Amfundishe.

Binti yao, aliyekuwa akifanya kazi duka la dawa na ambaye tangu utotoni alikuwa refa wa nyumba hiyo, alimfuata baba yake nje. Alimwambia amfundishe mama tu, akishajua kuendesha atalegeza, hata mchomeleaji atamwita mwenyewe. Mama Pazia alikuwa karibu na dirisha na alisikia. Hakukanusha, na Mwalimu akalichukua hilo kuwa ahadi. Alikwenda kwa wanafunzi wake mmoja mmoja kuwaomba wamvumilie wiki mbili. Wanne walidai pesa zao pale pale, na mmoja wa hao alizidai mbele ya wakwe zake. Watano walikubali kusubiri. Mwalimu aliwahesabu watano hao kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani.

Alimwomba mkewe breki iwekwe kwa muda, kwa siku za kujifunza tu, halafu tundu zizibwe. Mkewe alikataa. Wakaanza hivyo hivyo.

Siku ya kwanza tu Mwalimu aligundua kuwa yeye si mpole. Upole wote ulikuwa mguuni. Alipokaa upande wa abiria na mguu haukuona chuma, hofu ilipanda mpaka mdomoni, ikatoka kama matusi. Alimwambia mkewe hapa hatushoni, ashike usukani kama mtu. Alimwambia ana kichwa cha nyuzi. Alimwambia binti yake alilijua hili siku ya kwanza. Mama Pazia, ambaye angeweza kukata mita arobaini za kitambaa kwa jicho na zikalingana, alikosea gia ile ile mara kumi na mbili, na kila alipokosea alisikia habari za binti yake. Naye hakuwa bubu. Alimuuliza, katika wanafunzi wake wote hao mamia, ni nani aliyewahi kurudi kumnunulia walau tairi. Walirudi nyumbani kila siku wamenuniana, wakala kila mtu chumba chake.

Siku ya sita mambo yalinyooka. Hakuna anayejua kwa nini, labda walichoka kutukanana. Mama Pazia aliondoa gari bila kulirusha, akabadilisha gia mbili, tatu, akapita barabara ya maghala taratibu, vioo vimeshushwa. Upepo ulimpiga kwenye shingo. Aliona watu wakimtazama na akaona raha, raha ya wazi, isiyo na aibu. Mwalimu alimtazama kwa pembe ya jicho na kitu kikalegea kifuani mwake. Akawazia tundu mbili, na Jumamosi, na wanafunzi watano. Akajikuta anazungumza.

"Mvua hii mwaka huu," alisema, "sioni kama itanyesha."

"Itanyesha," mkewe alisema. "Mawingu yapo."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao mazuri kuliko yote kwa miezi mingi. Barabara ile hushuka kidogo kabla ya njia panda, na upande wa kushoto pana ukuta wa ghala. Lori la matofali lilikuwa linakuja kwa upande wa Mwalimu, na yeye alikuwa wa kwanza kuliona, kwa sababu kuona mapema ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Hapa napita?" Mama Pazia aliuliza.

Mwalimu hakujibu. Alifanya alichokifanya maisha yake yote: alibonyeza. Alibonyeza polepole bila kushtua, kisha akabonyeza kwa nguvu, kisha akaunyoosha mguu mzima mpaka mgongo ukajikaza kwenye kiti, chini pasipo na kitu isipokuwa kapeti na gazeti alilolitandika mkewe kuikinga. Mkewe alimwona kwa pembe ya jicho ametulia tuli. Hakupiga kelele wala hakumtukana, kwa mara ya kwanza tangu waanze. Akajua njia ni nyeupe, akaongeza mafuta.

Alipoliona lori mwenyewe lilikuwa limeshajaa kioo kizima. Alikata usukani, gari likaacha barabara na kuingia ukutani kwa pembe ya kushoto. Lori halikusimama. Mama Pazia alitoka na mchubuko kwenye kidevu. Mguu wa Mwalimu, kwa kuwa ulikuwa umenyooshwa kama mhimili, ulipokea ukuta wote na kifundo kikavunjika mahali patatu.

Hospitalini, Mwalimu akisubiri kufungwa plasta, mkewe alisimama kando ya kitanda na mkoba wake kwapani.

"Kwa nini hukuniambia nisimame?"

"Nilibonyeza," Mwalimu alisema.

"Ulibonyeza nini?"

Mwalimu aligeukia ukutani. Mama Pazia akaanza kucheka, akacheka mpaka nesi akaja kumuuliza kama naye ameumia kichwa.

Bima walikataa kulipa, kwa hoja kwamba gari liliendeshwa na mwanafunzi bila breki ya mwalimu. Waliandika hivyo hivyo, kwa barua yenye muhuri. Mama Pazia aliisoma kwa sauti, akaikunja, akachukua kazi ya mapazia ya shule mbili, akalitengeneza gari kwa pesa yake. Akanunua nailoni nyingine ya kiti cha mbele.

Mwalimu alilazwa kwenye godoro chumba cha mbele, kwa sababu chumba cha kulala kilikuwa na ngazi tatu asizoweza kuzipanda. Alilala kati ya majora ya vitambaa, plasta yake ikiwa juu ya mto. Mkewe alizoea kutundika futi yake ya kupimia kwenye vidole vyake vya mguu, kwa kuwa vilikuwa karibu. Wateja walipouliza kama huyu si yule mwalimu wa udereva, Mama Pazia alijibu kwamba ndiye, na kwamba amembamiza ukutani mwenyewe. Walicheka, na Mwalimu alicheka nao ili wasione anavyoumia. Daktari alikuwa ameshawaambia ukweli: mfupa utaunga, lakini kifundo hakitakunja tena vizuri. Kutembea atatembea. Kubonyeza pedeli asahau.

Hakumwambia mtu kwamba alilia. Alilia mchana, cherehani ikipiga kelele, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kujizuia.

Wiki ya tano alikuja Kona. Jina hilo Mwalimu ndiye aliyempa, zamani, alipokuwa mwanafunzi anayepanda ukingo wa barabara kila kona bila kukosa. Sasa Kona alikuwa na shule yake ya udereva yenye magari manne na kalamu zilizoandikwa namba yake ya simu. Alivua viatu mlangoni, akasema shikamoo Mwalimu kwa unyenyekevu wa kweli, akaweka mfuko wa machungwa kwenye godoro. Alieleza kwamba wale wanafunzi watano wamehamia kwake, na kwamba amewapunguzia bei kwa heshima ya Mwalimu. Mwalimu alishukuru.

Kisha Kona akakuna kichwa na kusema kilichomleta. Alipita duka la magari, akaliona lile gari limetupwa nyuma, akalinunua kwa bei ya kutupa. Giaboksi fundi wake aliitengeneza kwa siku mbili, sasa inaingia kama siagi. Tundu za sakafuni zipo. Kilichobaki ni pedeli tu, na kila anayoichomelesha haikai.

"Ile haiuzwi," Mwalimu alisema.

Mama Pazia alisimamisha cherehani. Aliinama, akaitoa pedeli juu ya rundo la kitambaa cheupe. Mwalimu alikuwa ameifungia kwenye gazeti na kuiweka ndani ya droo, na hakujua kwamba mkewe alikuwa akiitumia kukandamizia vitambaa visiteleze.

"Wewe unaitaka ya nini?" alimuuliza mumewe.

Kona alianza kutoa pochi. Mama Pazia alimwambia arudishe pochi yake, yeye hataki pesa. Anataka kufundishwa mpaka apate leseni, na anataka kufundishiwa gari lile lile, lenye breki hiyo. Alisema hayo akimtazama Kona, huku mkono wake ukitoa futi kwenye vidole vya mumewe na kuizungusha shingoni.

Kona aliona haya. Alimgeukia mtu aliyekuwa godoroni na kumuuliza, "Mwalimu, unasemaje?"

Mwalimu alikuwa na maneno. Yalimjaa mpaka kooni, na lile moja alilolihitaji lilikuwa fupi kuliko yote. Vidole vyake vya mguu vilijikunja kwenye ncha ya plasta. Alinyamaza, na wote wawili wakachukua ukimya wake kuwa ni ruhusa, kama alivyomzoesha kila mtu.

Ilimchukua Mama Pazia siku kumi na saba. Kila alasiri alirudi na habari. Kona hapigi kelele. Kona anazungumzia mvua tu, muda wote mvua, mpaka mtu anasahau kuogopa. Leo amesimama vizuri pale njia panda ya ghala, hata yeye mwenyewe ameshangaa. Mwalimu alisikiliza akiwa amefumba macho. Alijua ni nani aliyesimamisha gari pale njia panda. Angeweza kumwambia, na mara mbili alifungua mdomo, akaufumba. Ilikuwa siri ya kazi, na ndicho kitu pekee cha kazi alichobakiwa nacho. Tena ilimpa faraja mbovu, kujua kwamba mwanamke huyu anajisifia kwa mguu wa mtu mwingine. Binti yao alileta keki siku leseni ilipotoka. Mwalimu alikula kipande chake chote.

Siku ya kutolewa plasta, Mama Pazia alimpeleka hospitali kwa gari lake. Wakati wa kwenda alimketisha nyuma, magongo yamelala mapajani. Wakati wa kurudi mguu ulikuwa mwembamba na mweupe, umejaa magamba, na alimruhusu kukaa mbele baada ya kutandika gazeti jipya chini. Mwalimu alikaa upande wa abiria kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Magongo yaliwekwa kwenye buti.

Aliendesha vizuri. Hilo Mwalimu hakuweza kumnyima. Alibadilisha gia bila kuitazama, akampisha mpita njia, akakata kona bila kugusa ukingo. Walifika barabara ya maghala. Ukuta ulikuwa bado na alama ya rangi yao. Njia iliposhuka, Mwalimu aliona lori linatoka upande wake, lile lile au jingine, limejaa matofali, na mguu wake ukaenda wenyewe. Maumivu yalimpanda mpaka kwenye nyonga. Alibonyeza hivyo hivyo, polepole, bila kushtua.

Gari likapunguza mwendo. Likatulia kabisa, laini, kabla ya mstari, na lori likapita mbele yao na vumbi lake.

Furaha iliyomwingia Mwalimu wakati huo haikuwa na akili. Ilimjaa yote, na mdomo wake ukafunguka kabla hajajua.

"Umeona ulivyosimama vizuri?"

Mama Pazia alimgeukia. Aliutazama uso wake, halafu akashusha macho mpaka chini, kwenye ule mguu mwembamba ulionyooka, na gazeti lililochanika chini ya kisigino. Alichelewa kuelewa, kisha akaelewa yote: Kona, na mvua, na njia panda, na siku zote alizorudi nyumbani anajisifu.

"Kwa Kona ilikuwa ni breki yenu," alisema. "Hii nimesimama mwenyewe."

Nyuma yao mtu alipiga honi. Mama Pazia hakuondoa gari. Alisubiri, mikono miwili kwenye usukani.

"Toa mguu hapo. Unanichania gazeti."

Mwalimu alijaribu kuurudisha, ukakataa. Akainama, akaushika kwa mikono miwili chini ya goti, akauvuta kuelekea kwenye kiti. Ndipo mkewe akatia gia ya kwanza.